Mkono wa Musyoka

Jumatatu, 3 Februari

Madawati tena. Msasa asubuhi, msasa mchana. Vumbi la mbao limeingia hadi kwenye chai. Kilonzo anasema napiga msasa kama mtu anayefuta kosa. Ni mtu wa Ikutha, alifungwa kwa ajili ya mbuzi wa wenyewe, na analala kando yangu. Nilimwambia afunge mdomo.

Jioni Afande Nduku wa ofisi ya ustawi alisoma majina ya darasa la akina baba. La kwangu lilikuwemo. Sikujiandikisha. Kilonzo ndiye aliyeniandikisha kwa sababu hataki kwenda peke yake.

Tumepewa daftari na kalamu. Wamesema hakuna atakayesoma. Sijui mtu huandika nini kama hakuna wa kusoma. Jina langu ni Kimeu. Hilo nalijua tayari.

Alhamisi, 6 Februari

Darasa liko kwenye kanisa la humu ndani. Mwalimu ni mama wa makamo, Madam Kanini. Alifundisha nasari maisha yake yote, sasa amestaafu na anatoka mji wa Kwa Vonza kuja kufundisha wanaume waliofungwa. Yeye hatuogopi hata kidogo. Alitukalisha kwa duara kama watoto wake wa zamani na hakuna aliyebisha.

Swali lake la kwanza: rafiki wa mtoto wako anaitwa nani?

Wanaume wenye kesi nzito, wote macho sakafuni. Kilonzo ana watoto saba. Akasema, "Madam, mimi hata hao wangu huwa nawachanganya majina." Watu wakacheka.

Ikafika kwangu. Nikasema Mumbua. Hakuna Mumbua. Nilimtunga papo hapo. Madam akauliza, Mumbua ni mtoto wa namna gani? Nikaendelea tu. Mfupi, mcheshi, anapenda kuruka kamba. Nilimtungia mwanangu rafiki ili nisiaibike mbele ya Kilonzo.

Mwikali ana miaka kumi na moja. Ni mtoto wangu wa pekee. Simjui hata rafiki yake mmoja.

Alhamisi, 13 Februari

Leo tumeigiza. Mmoja baba, mwingine mtoto. Nilikuwa mtoto wa Kilonzo. Akanifokea jinsi anavyofokea mifugo, mpaka askari wa mlangoni akachungulia. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Kisha tukabadilishana. Mimi baba. Kilonzo, mtu mwenye mvi, akakaa chini, akakunja miguu, akaniangalia. Nikauliza umekula. Umesoma. Umeoga. Umechota maji. Halafu nikaishiwa.

"Hayo ni maswali ya askari wa zamu," Madam akasema. "Sasa ongea naye."

Sikuweza. Dakika nzima nimesimama mbele ya Kilonzo. Hakuna aliyecheka safari hii. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Alhamisi, 20 Februari

Madam alituuliza: mtoto wako anajua nini kuhusu mambo yaliyokuleta hapa?

Wengi walisema pombe. Mimi nilisema mambo ya shamba. Akataka zaidi. Nikasema mtoto aliambiwa ni ajali. Akauliza nani alimwambia. Nikasema ni mimi, kupitia kwa mama yake.

Niandike hapa, kwa kuwa pale sikusema.

Baba alipokufa alituachia shamba la Kilungu, lile la mteremko, mimi na mdogo wangu Musyoka. Chini karibu na mto kuna avokado. Musyoka akachimba mtaro mpya na ukaingia upande wangu hatua kadhaa. Tulizozana wiki nzima. Asubuhi ile nilimkuta amesimama pale na jembe, akaniambia tungoje wazee wapime. Mimi nilikuwa na panga. Sikuwa nimelewa. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nimelewa. Nilikuwa mkavu kabisa, nimetoka kunywa chai.

Mkono wake wa kulia haukunji vidole tena. Mke wangu Ndinda aliniambia anafunga vifungo kwa mkono wa kushoto, na kamba anaivuta kwa meno.

Na Mwikali analala kwa nani? Kwa Musyoka. Ndinda anauza matunda Emali kando ya barabara kuu, anarudi Jumapili. Mtoto yuko shuleni Kilungu, hakuna nyumba nyingine. Musyoka na mkewe ndio wanaomlisha.

Mwishoni Madam alitangaza siku ya familia, mwezi ujao. Watoto wataingia hadi uani. Hakuna waya katikati. Mtu mwenye kesi ya utovu wa nidhamu hatahesabiwa. Tukaambiwa tutoe nambari za simu za nyumbani, atapiga yeye mwenyewe. Ndinda amebadilisha laini. Nambari niliyonayo kichwani ni moja tu, ya Musyoka.

Niliitoa. Nilipofika mlangoni nikataka kurudi nimwombe aifute. Kulikuwa na foleni.

Alhamisi, 27 Februari

Madam amempata Musyoka kwa simu. Musyoka alisema lazima mtoto aulizwe kwanza. Mtoto ameulizwa. Amekubali kuja, ila Anko Musyoka aje naye. Akikosa Anko, haji.

Madam aliniambia kama mtu anayeleta habari njema. Nikamshukuru. Ndani nilikuwa nawaka.

Nilitaka aje na mama yake. Au aje na mtu wa kanisa. Yeyote. Kwa nini huyo? Atasimama hapa na mkono ule, mbele ya wanaume wote hawa, aniletee mtoto wangu kama mtu anayerudisha mzigo. Nilimchukia tena. Nilidhani chuki ile ilikwisha kortini. Bado iko. Ililala tu.

Ninaandika hivi na najua ni aibu. Nimemkata, analea mtoto wangu, na ninamchukia kwa kumlea.

Jumatatu, 3 Machi

Karibu niharibu kila kitu.

Kuna kijana karakanani anajifanya mchekeshaji. Alisikia habari za siku ya familia. Akasema, "Kimeu ataletewa mtoto na mlemavu wake." Watu wakacheka. Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Sikumbuki nikiinyanyua. Nakumbuka nikiwa tayari nimeinyanyua.

Kilonzo akaja mbele yangu. Hakunishika. Alisema chini kwa chini, "Weka. Weka hapo mezani." Kama mtu anayemsemesha ng'ombe aliyetishika. Nikaiweka. Askari alikuwa anaongea na simu, hakuona.

Wakati wa chakula sikugusa sahani. Yule kijana naye hakula. Uso wake ulikuwa kama wa Musyoka asubuhi ile, kabla hajainua mkono kujikinga.

Mimi si mtu mwenye hasira kidogo kama nilivyomwambia hakimu. Mimi ni mtu wa kuogopwa. Sasa nataka mtoto aje akae karibu na mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Sikwenda darasani. Nilisema ninaumwa.

Baadaye Madam akaja mpaka mlango wa karakana, askari nyuma yake. Akasema amesikia ninaumwa. Nikasema siumwi. Akaniangalia kidogo.

"Basi wiki ijayo uje," akasema.

Hakuuliza zaidi. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 13 Machi

Somo: mtoto akikataa kukumbatiwa. Kilonzo alisema unamvuta kidogo, atazoea. Madam akasimama, akamvuta Kilonzo kwa mkono, ghafla, kwa nguvu. Kilonzo akaruka nyuma. "Umezoea?" akamuuliza.

Akatuambia mtoto haji kutuondolea aibu. Hiyo kazi si yake. Tusimwombe.

Nilitaka kusimama niseme ukweli wa kesi yangu. Nilikuwa na sentensi ya kwanza tayari. Badala yake niliongea juu ya avokado, jinsi zinavyopendwa na wanunuzi wa barabarani, na vile bei hubadilika. Madam alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima. Niliketi. Mwoga.

Alhamisi, 20 Machi

Tumenyolewa. Tumefua kunguru, sare zetu za jela, mpaka mistari imepauka. Nimemtengenezea Mwikali kigoda kwa vipande vya mbao vilivyobaki, afande ameruhusu. Nilikipiga msasa mpaka kikawa laini kama sahani. Nilipima kwa kiganja, kulingana na goti lake ninavyolikumbuka.

Nimepanga maneno. Habari za shule. Mwalimu unayempenda. Unapenda kucheza nini. Halafu samahani, lakini hiyo nitaiweka mwisho, haraka haraka, kama dawa chungu.

Jumamosi, 22 Machi

Wamekuja.

Turubai lilifungwa uani, viti vya kanisa, soda na mandazi. Watoto wa Kilonzo walikuja wanne, wakampanda kama mti. Alikuwa analia na kucheka pamoja na hakujali nani anamwona.

Mimi niliwaona tangu getini. Musyoka amevaa koti la harusi yake. Amekonda. Mwikali alikuwa na sare ya shule, mrefu, shingo ya mama yake. Nilikuwa namtafuta mtoto mdogo, na macho yangu yalimpita kwanza. Alikuwa ameshika mkono wa Anko wake. Ule mbovu. Alivishika vile vidole visivyokunja, vyote kwa pamoja.

"Habari yako, Baba," akasema. Kama mtu anayesalimia mgeni wa kanisa.

Nikasema nzuri. Nikampa kigoda. Akakishukuru, akakiweka chini. Kilikuwa kifupi, magoti yangemfika kidevuni. Akakaa kwenye kiti karibu na Musyoka. Mimi na Musyoka tulisalimiana kwa mkono wa kushoto. Mimi ndiye niliyekosea nikatoa wa kulia kwanza.

Nikauliza habari za shule. Akajibu. Nikauliza mwalimu anayempenda. Akajibu. Nikauliza anapenda kucheza nini, akasema siku hizi hachezi sana. Maswali yakaisha. Tukawa tunaangalia soda.

Halafu akasema, "Siku ile sikuwa shuleni."

Nikauliza siku gani, ingawa nilijua.

"Tulirudishwa mapema. Nilikuta hakuna mtu, nikachukua mtungi niende mtoni. Nilikuwa kwenye njia ya chini." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtoto anayesoma somo kanisani. "Ulimkata Anko akaanguka. Halafu ukamkata tena akiwa chini."

Musyoka akasema kwa Kikamba, polepole, "Mwikali, yatosha."

"Mwache aseme," nikasema. Sijui nilipata wapi hayo maneno.

Kortini nilisema ni mara moja. Nilisema alinijia na jembe. Hakimu aliandika. Wakili alirudia. Mimi mwenyewe nimerudia mara nyingi mpaka ile mara ya pili nikawa naiona kwa mbali, kama jambo la mtu mwingine. Kumbe ilikuwa na shahidi, amebeba mtungi.

"Ulitaka afe?" akaniuliza.

Ningeweza kusema hapana. Musyoka alikuwa ameinamisha kichwa, nadhani alikuwa ananipa nafasi ya kusema hapana.

"Ndiyo," nikasema. "Wakati ule nilitaka. Baadaye niliogopa. Lakini wakati ule nilitaka."

"Mama aliniambia ni ajali."

"Ni mimi nilimwambia aseme hivyo. Nilikudanganya, na mama yako nikamfanya akudanganye."

Hakulia. Alikunywa soda yake hadi mwisho, akafuta mdomo, akasema anataka kwenda chooni. Madam Kanini akampeleka.

Tukabaki wawili. Ndugu yangu na mimi, hatukuwa tumekaa hivyo tangu mazishi ya Baba.

"Ulijua ameona?" nikamuuliza.

"Hajawahi kuniambia. Lakini usiku huwa anakuja kuangalia kama napumua."

"Na ile mara ya pili. Kortini hukuisema. Mimi nilidhani ulisahau, kwa sababu ya damu."

"Nilikuwa chini, Kimeu. Ningesahau vipi?"

"Kwa nini ulinyamaza?"

Akaupangusa ule mkono kwenye koti kana kwamba una jasho. "Wangekuongezea miaka. Na huyu mtoto ndiye nakaa naye nyumbani. Ningemtazama vipi?"

Nilitaka kupiga magoti, na nikakumbuka kwamba watu wote wangeona, na hata hapo aibu yangu ilikuwa ya watu kuniona. Kwa hiyo nilikaa tu. Nikasema, "Nisamehe, Musyoka." Nilisema chini sana. Akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe. Alisema amesikia.

Wakati wa kuondoka Mwikali alisimama mbali kidogo. Mikono yangu ilitaka kumvuta. Niliifunga nyuma, kama wanavyotufunga tukienda kortini. Akasema kwaheri. Musyoka alikibeba kigoda kwapani, upande wa kushoto, na mtoto akashika ule mkono mwingine. Walitoka getini bila kugeuka.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda ibadani. Sina uso.

Jumanne, 25 Machi

Kilonzo anataka kusimulia habari za watoto wake, kila mmoja, alichosema na alichokula. Ninamsikiliza. Sasa anayajua majina yote. Aliniuliza, na wa kwako je? Nikasema alikuja, akasema ukweli, akaenda.

Akasema, "Basi alikuja."

Alhamisi, 3 Aprili

Siku ya vyeti. Kasisi alikuja, na mkubwa wa gereza akatoa hotuba. Kila mtu alitakiwa kusema neno moja. Wenzangu walisema asante, wamejifunza upendo.

Nikasimama. Nikasema kesi yangu si mambo ya shamba. Nikasema nilimkata ndugu yangu mara mbili, ya pili akiwa ameanguka, na mtoto wangu aliona, na nilidanganya korti. Nikasema pia hakuna Mumbua. Wengi hawakuelewa Mumbua ni nani. Madam alielewa. Mkubwa wa gereza alikohoa. Kasisi akaangalia saa.

Hakuna kilichotokea. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Nilipewa cheti, nikakishika kama kitu cha wizi. Baba bora, kimeandikwa. Nimekiweka chini ya godoro, maandishi yakiangalia chini.

Jumapili, 6 Aprili

Zamu ya simu. Nilimpigia Musyoka. Mara ya kwanza kumpigia mimi mwenyewe.

Mtoto halali vizuri tangu waliporudi. Anaamka akipiga kelele. Shuleni alimpiga mwenzake. Ndinda anasema aletwe tena hapa upesi, amzoee baba yake, tusiache pengo likue. Mke wa Musyoka anasema asiletwe kabisa. Wamebishana tangu Ndinda alipofika. Musyoka akasema, "Wewe ndiye baba. Sema."

Sikutegemea kuulizwa. Nimezoea kuambiwa nisimame, nikae, nihesabiwe.

Nilitaka kusema aletwe. Kila sehemu ya mwili wangu ilitaka aletwe. Mwezi ujao kuna siku nyingine ya familia, Madam amenipa nafasi. Ningemwona. Ningemweleza vizuri zaidi. Ningejaribu mpaka anitazame tofauti.

Halafu nikajiuliza hiyo ingekuwa kwa ajili ya nani.

Nikasema, "Msimlete. Mpaka aseme mwenyewe. Akikaa miaka, akae. Na asiambiwe kwamba nalia huku."

"Unalia?" Musyoka akauliza.

"Hapana," nikasema. Hiyo nilidanganya.

Nikamwomba aongee na mwalimu wake wa darasa amweleze, mtoto asichapwe kwa ajili ya ile fujo. Na usiku Mwikali akija kuangalia kama yeye anapumua, amwache aangalie. Musyoka akasema huwa anajikohoza makusudi, ili mtoto asikie arudi kulala.

Nimelifikiria hilo tangu nilipokata simu. Amelala na mkono nilioukata, anakohoa gizani ili mtoto wangu apate usingizi.

Alhamisi, 17 Aprili

Kundi jipya la akina baba limeanza. Madam aliniomba nipange viti. Kuna mmoja kutoka Makueni mjini, mpya kabisa, bado anashikilia kwa mkono suruali isiyo na mkanda. Aliulizwa jina la rafiki wa mtoto wake. Akataja jina haraka sana.

Sikumtazama. Nilimwekea kiti chake vizuri.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua ilinyesha usiku, ua wote ni tope. Zamu yangu ya simu ilifika baada ya ibada.

Musyoka aliniambia Kilungu nako kumenyesha. Maharagwe yameota. Paa la jikoni linavuja pale pale. Tuliongea juu ya paa. Nikamwambia aweke bati lililokunjwa pale kwenye ukingo, apigilie kutoka juu. Akasema mke wake atapanda, yeye atashika ngazi.

Kisha nyuma yake nikasikia kelele. Kuku ameingia jikoni, mtu anamfukuza, sufuria inaanguka. Na msichana anacheka. Kicheko kikubwa, cha tumboni, kinachokatika kwa kukosa pumzi na kuanza tena. Sikukijua. Ilinibidi nifikiri kidogo ndipo nikajua ni nani.

"Nimwite?" Musyoka akauliza.

"Hapana. Mwache afukuze kuku."

Akanyamaza. Nilidhani amekata. Halafu kicheko kikawa karibu zaidi, na nikaelewa kwamba ameigeuza simu upande wa jikoni.

Nikaibana simu sikioni. Tulikaa hivyo mpaka askari akaniambia muda umekwisha.